Huyo Iona Wako

Jamani, nicheke kwanza mwenyewe. Mume wangu Rajabu kazaliwa hapa London, na Kiswahili chake ni cha kuungaunga: kwake kiti mzuri, chai mzuri, kila kitu ni mtu. Mimi wa Tanga kazi yangu kumkosoa.

Basi akaenda kuzunguka visiwa na milima ya Scotland wiki tatu na wafanyakazi wenzake, mimi nimebaki nyumbani Thamesmead na mvua. Siku mbili kabla ya kurudi, akanitumia sauti: "Mke wangu, Iona mzuri sana! Kesho namuacha. Nitalia."

Wivu ukanipanda. Nikazikumba nguo zake sandukuni, nikaliburura hadi kwa mama mkwe, nikampigia Rajabu simu ya video mbele yake.

"Nionyeshe huyo Iona wako!"

Akafurahi! Akaigeuza simu. Nikaona bahari, kondoo wawili, na kibao gatini kimeandikwa Iona.

Mama mkwe akavaa miwani, akasoma, akalitazama sanduku.

"Mwanangu wa Tanga," akasema taratibu, "hicho ni kisiwa. Si huyo. Ni hicho."