Prosesa Yangu na Omena za Mama Mdogo

Mtu akiniambia leo kwamba prosesa za muundo wazi ndizo kesho yetu, najizuia kwanza, nisije nikamtukana. Wimbo huo niliuimba mwenyewe miaka mitatu hapa Kisumu, mbele ya wanafunzi wangu wa kompyuta. Niliwaambia: zile nyingine lazima uombe ruhusa ya kampuni ndipo uunde, hii maelezo ya amri zake yako wazi, yeyote asome, yeyote aunde yake. Niliamini. Bado naamini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama mdogo wangu huanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Port Victoria na wanawake wenzake wanne. Omena zikishatandazwa kwenye nyavu, wanne huenda sokoni na mmoja hubaki kwenye kigoda kuangalia mawingu, kwa zamu. Mvua ikizikuta bila mtu wa kuzikusanya, zinakuwa chakula cha kuku.

Mimi na digrii yangu nikaona huyo wa kigoda anapoteza siku bure. Nikaunda kifaa chenye prosesa wazi: kinapima upepo na unyevu, kikiona dalili za mvua kinatuma ujumbe kwenye simu zao. Wiki mbili kilifanya kazi vizuri. Mama mdogo akawa anakionyesha kwa wageni. "Huyu ndiye mlinzi wetu," alisema, "na haombi chai." Kigoda kikarudishwa ndani. Sikuwakataza, kichwa kilikuwa kimenivimba.

Alhamisi moja mtandao ulipotea kidogo, ukarudi, halafu mvua ikaja. Hakuna simu iliyolia. Nilipofika kesho yake omena zote zilikuwa zimeanza kunuka, na mwenye kuku alikuwa anajaza magunia.

Nilikaa na kile kifaa siku nne. Prosesa haikuwa na kosa. Nilifuata amri zake moja moja: iliona mvua, ikaagiza ujumbe utumwe. Kosa lilikuwa kwenye kipande kilicho kando yake, kile kinachopeleka ujumbe kwenye mtandao wa simu. Programu ya kipande hicho imefungwa, mtu wa nje haruhusiwi kuisoma, na mtandao ukikatika kinazubaa tu, hata ukirudi. Nikawaandikia waliokitengeneza. Wakajibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Yawa! Nyumba nimejenga yangu, mlango ni wa mtu mwingine! Mpaka leo natafuta kipande cha aina hiyo kilicho wazi, na kila nikiuliza naambiwa kinakuja. Kinakuja lini?

Nilirudi kumweleza mama mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza omena mpya.

"Kwa hivyo ubongo ni mzima, ila mdomo ni wa wenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kuurekebisha huwezi."

"Siwezi."

Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya nyavu.

"Basi kaa," akasema. "Leo ilikuwa zamu yangu."

Wakaenda sokoni wote watano. Nikakaa, mhandisi mzima, macho juu mpaka jioni. Mvua haikunyesha.