Meza Inayotazama Mlango

Saa mbili asubuhi, karakana ya ushonaji imejaa kelele za vyerehani, lakini hakuna sauti ya mtu. Mafundi wamefika, wamesalimiana, wamepeana habari za jana, na mmoja ameshamtania mwenzake hadi meza zinapigwa kwa kicheko. Yote hayo yamepita kwa mikono, nyuma ya mgongo wa mama mmoja aliyekaa peke yake akitazama mlango.

Simu inaita. Anaipokea. "Ndiyo, mashuka ya zahanati yako tayari. Njooni mchana." Anakata, anageuka kuwapasha habari wenzake, na anakuta utani umekwisha.

"Kila siku nafika kwenye kicheko kikiwa kimeshapoa," anasema.

Mtaani wanamwita Mama wa Simu. Ana miaka hamsini na mitatu, ni mjane, na ndiye pekee anayesikia katika karakana hii ya viziwi. Kazi yake ni kupokea simu na wateja, ndiyo maana meza yake imeelekezwa mlangoni. Anayemhitaji humgusa bega. Lugha ya alama ameijulia ukubwani, na mwenyewe anakiri kuwa mikono yake ni mizito.

Karakana hii ni biashara ya kijamii. Inashona mashuka, mapazia na sare, inauza kama wengine wanavyouza, lakini robo ya faida inakwenda kuwafundisha ushonaji vijana viziwi wasio na kazi. Aliyeianzisha ni fundi mkuu, mwanamke mfupi mwenye kovu kidevuni. Hapa hakuna anayemwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Jina lake ni kidole kinachopita kidevuni, basi. Kila fundi ana jina la namna hiyo, na mila yao haina mjadala: hujipi mwenyewe, unapewa na viziwi wakishakuona umekuwa mtu wao.

Mama wa Simu amekaa miaka minne bila jina. Wakitaka kumtaja, wanamnyooshea kidole.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," anasema akicheka kidogo. Kisha anavuta ncha ya sikio lake, tabia yake kila anapokwama. "Lakini miaka minne, jamani! Hata kuku angeshafunguliwa."

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mumewe alishafariki, na mwanawe yuko mbali, hupiga simu Jumapili. Jioni anapika chakula cha mtu mmoja, na bado kinabaki.

"Nyumbani kimya kwa sababu hakuna watu," anasema. "Hapa watu wamejaa, wanazungumza, na mimi naokota makombo. Upweke wa hapa ndio unaouma zaidi."

Mapema mwaka huu, shirika linalosaidia biashara za kijamii kukua lilikubali kuwakopesha vyerehani ili wafungue karakana ya pili, upande mwingine wa mji. Mshauri wa shirika alikuja, akasimama mbele ya fundi mkuu, kisha akamgeukia Mama wa Simu.

"Mama, hawa wataweza kuiendesha wenyewe? Nani atahamia huko?"

Alitakiwa kulitafsiri swali. Badala yake akalijibu. "Huyu hawezi kuhama, ana watoto wadogo. Tutatafuta mtu wa nje."

Ulimi hauna mfupa. Fundi mkuu aliona midomo ikienda na kurudi, mikono imetulia. Akapiga meza kwa kiganja, akauliza kwa mikono: "Umemwambia nini? Nani kakutuma unijibie?"

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," Mama wa Simu anakumbuka. "Nilimwonea huruma, kumbe nimemfanya mtoto. Tena mbele ya mgeni."

Alitafsiri upya kila neno, na fundi mkuu akajibu mwenyewe: mafundi wake wataiendesha karakana hiyo, na wa kuhamia huko watachaguana wenyewe. Tangu hapo mshauri akawa anakuja na mkalimani. Oda nazo zikaanza kupokelewa kwa ujumbe wa maandishi, simu ikapungua kuita. Hakuna aliyemkaripia tena Mama wa Simu, na hakuna aliyemgusa bega.

"Nikajua kamba ndiyo inafunguliwa sasa, ila kwa kufukuzwa."

Ijumaa iliyopita walikaa kikao cha kuchagua watakaokwenda karakana mpya. Fundi mkuu alisimama juu ya kiti, akawaita kwa alama mmoja baada ya mwingine: mwenye mwanya, mpenda kofia, yule mwenye mwendo wa haraka. Kila aliyeitwa aliinua mkono. Kisha akashika ncha ya sikio lake, akaivuta mara mbili.

Hakuna aliyeinua mkono. Mama wa Simu akageuka nyuma kumtafuta huyo aliyeitwa, akakuta ukuta.

Meza zilipigwa hadi pini zikamwagika.

"Nilidhani ni kwa sababu nasikia," anasema, machozi yakimlengalenga. "Nikawauliza. Wakaniambia, acha kujisifu, mama. Ni kwa sababu kila ukikosea unavuta sikio."

Fundi mkuu anaulizwa kwa nini wamempa jina sasa, baada ya kosa lile. Anajibu kwa mikono, na Mama wa Simu anatafsiri neno kwa neno bila kuongeza lake.

"Mgeni hatumkasirikii, tunamvumilia tu. Siku tuliyomkasirikia huyu ndipo tulipojua kuwa ni wetu."

Karakana mpya itafunguliwa mwezi ujao, na huko ataendelea kupokea wateja. Jioni bado atarudi kwenye nyumba ile ile na sufuria yake ndogo. Lakini ana ombi moja, na ameshalifikisha kwa fundi mkuu: huko waendako, meza yake igeuzwe iwatazame mafundi. Wateja watamkuta ubavuni.

"Jina la mikono huwezi kuitwa ukiwa umegeuza mgongo," anasema. "Nikiendelea kutazama mlango, wataniitaje?"