Klachi Mpya na Kiti Kilichovutwa Mbele

Mguu wangu wa kushoto na klachi ya pikapu yetu viliharibika asubuhi moja, mahali pamoja.

Mimi na mke wangu tunakaa Mambrui. Yeye hununua samaki Ngomeni na kuwapeleka Malindi kwa wateja wake, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa dereva. Pikapu ni ya dizeli, si changa, na tumeibebesha barafu na makreti ya samaki kwenye mchanga mpaka ikachoka. Asubuhi hiyo ilikataa. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halikusogea, na harufu ya kuungua ikatujaa puani. Nikapanda nyuma ili nipunguze mzigo. Niliporuka chini na kreti mikononi nilitua vibaya, mfupa ukalia juu ya kifundo. Gari lilivutwa hadi gereji, mimi nikapelekwa hospitali nikafungwa plasta hadi karibu na goti.

Fundi wetu wa Malindi alishauri tuweke klachi ya kazi nzito, na mke wangu akakubali. Gari lilipokuwa tayari fundi alinipigia simu mimi, kwa mazoea.

“Hii lazima izoeshwe kwanza,” akaniambia. “Majuma ya mwanzo msipakie mzigo, wala msivute kitu. Liendesheni mjini, kusimama na kuondoka, kubadilisha gia mara kwa mara, taratibu. Mkilipeleka tu barabara kuu moja kwa moja, pleti haitakaa sawa. Na aendeshe mtu mmoja, ili izoee mguu mmoja.”

“Mguu wangu umefungwa,” nikasema.

“Basi tafuteni mguu mwingine.”

Mguu mwingine ulipatikana upesi kuliko nilivyopenda. Mke wangu ana binamu, mtoto wa mjomba wake, dereva wa lori la chumvi. Lori lake lilikuwa kwenye matengenezo na yeye alikuwa nyumbani, hana kazi. Ni mtu mrefu, mpole, anayevaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi. Na kabla yangu mimi, aliwahi kupeleka posa kwa mke wangu. Wazee hawakuelewana, jambo likaisha, kila mtu akaoa na kuolewa kwingine. Sikuwahi kulifikiria sana. Nilikuwa na miguu miwili wakati huo.

Alikuja asubuhi akamwamkia mama yangu shikamoo, akanishika mkono.

“Shemeji, pole na mguu. Usiwe na wasiwasi, tutalilea gari lako.”

Tutalilea. Neno hilo lilinikaa kifuani kutwa nzima.

Kama wangekuwa wanabeba samaki, ningevumilia. Kazi ni kazi. Lakini klachi ile ilitaka watu wazunguke bila mzigo, bila haraka, wakisimama na kuondoka. Mke wangu alipanga kuwapitia wateja wake wa Malindi awaeleze kwa nini samaki hawafiki, kisha Watamu, kisha Gede kutafuta wateja wapya. Mimi nilibaki barazani, mguu juu ya kigoda, nikimwazia yeye na binamu yake wakizunguka mji kama maharusi.

Nilisikiliza gari. Injini ile naijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Siku za kwanza nililisikia likiruka kwenye kona ya msikiti, likazima, likawashwa tena. Nikafurahi. Dereva wa lori gani huyu, nikajiambia, hata kona hawezi. Nikamwambia mama, naye akaendelea kuchambua mchele.

Jioni mke wangu alirudi uso umechangamka. Alileta halua, akatumenyea machungwa, akacheka peke yake jikoni. Nilimuuliza kinachomchekesha.

“Hakuna. Mjini tu.”

“Mjini kuna nini?”

“Kuna watu,” akasema, na kucheka tena.

Juma la pili gari liliacha kuruka. Likapita konani laini, gia ikiingia bila kusikika, na hilo likaniuma kuliko lile la kwanza. Nilikosa usingizi. Nikaanza kumjibu kwa mkato. Binamu akinisalimu nilimjibu kwa kichwa. Siku moja mama aliniambia, “Mwanangu, plasta imefungwa mguuni, si mdomoni.”

Kisha ikafika siku ambayo mke wangu alikwenda msibani kwa jirani, na pikapu ikabaki uani. Nikachukua magongo yangu nikajikokota mpaka pale. Sikujua natafuta nini. Kitambaa, harufu, chochote. Nikafungua mlango wa dereva nikajaribu kuketi, magoti yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa. Mimi si mrefu, na binamu yule ananizidi kichwa kizima. Hakuna namna angeweza kukaa pale. Nikageuza macho kwenye kioo cha ndani: kilikuwa kimeinamishwa chini, kwa mtu mfupi.

Mke wangu alinikuta bado nimeketi humo.

“Kiti hiki amekivuta nani?”

Alivua buibui taratibu, akalikunja. “Mimi.”

“Ulikuwa ukifanya nini kwenye kiti cha dereva?”

“Naendesha.”

“Na yeye?”

“Hukaa kushoto, ameshika mlango kwa mikono miwili. Siku ya kwanza aliendesha yeye, tulipotoka mjini akaniuliza, leseni unayo, mbona huendeshi? Akasema, fundi anataka mguu mmoja, na mimi nikiitwa kazini nitaondoka. Basi na uwe mguu wako.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungekubali?”

Leseni aliipata kabla hatujaoana. Kila aliponiomba ufunguo nilimwambia gari hili ni zito, si la kike. Nilitazama pedeli ile, mpira wake mpya tayari umeanza kung’aa upande mmoja, alipoweka kiatu chake. Nilidhani wivu ungenitoka pale pale. Haukutoka. Ulimwacha yule binamu na kuhamia kwa mke wangu mwenyewe, kwa mguu wake, kwa kicheko chake cha jikoni ambacho sasa nilikielewa. Alikuwa akifurahia kitu ambacho kilikuwa changu.

Binamu aliitwa kazini, akaja kuaga. Nilimpa mkono vizuri safari hii, na nikamtaka radhi kwa ukimya wangu. “Shemeji,” akasema, “mimi nimeogopa barabarani kuliko wewe hapa barazani.” Tukacheka wote, lakini mke wangu alicheka zaidi.

Plasta ilipotolewa na mguu kupata nguvu, nilidai ufunguo. Akanipa, akaketi kushoto. Mbele ya soko la Malindi, nyuma yangu tuktuk zikipiga honi, niliachia pedeli kama nilivyozoea kuachia ile ya zamani. Gari likaruka, likazima. Nikawasha. Likazima tena.

“Hii inashika juu,” mke wangu akasema kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie. “Iachie polepole. Ngoja uisikie, ndiyo uongeze mafuta.”

“Najua.”

“Najua unajua.”

Nikaiachia polepole. Gari likaondoka.

Sasa tunapokezana. Yeye anaendesha tukiwa na mzigo, kwa sababu klachi imemzoea na sitaki kubishana na fundi. Mimi nalirudisha tupu. Juzi, Ngomeni, mvuvi mmoja aliyetaka tusogeze gari alikuja dirishani kwangu akauliza dereva yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi.

“Si wewe,” akasema. “Yule bibi.”

Nikamwonyesha mke wangu alikosimama, kwenye mizani, akichagua changu wakubwa.