Kavumbi na Pipa la Mwaloni

Siku hizi hapa Diani mtu huletewa kinywaji na asiyemjua akanywa bila kuuliza, lakini zamani hukugusa kikombe cha mtu kabla mwenyewe hajatangulia kunywa mbele ya macho yako.

Nasema haya kwa ajili ya Kavumbi, mgema mfupi mwenye nyayo ngumu kama ngozi ya ngoma. Baba yake alipanda minazi kumi na mitatu kwenye pwani inayotazama kisiwa cha Chale. Kwa desturi yetu ardhi ilikuwa na mwenyewe, na mti ukawa na mwenyewe wake. Kwa hiyo shamba lilipoingia mikononi mwa Wazungu, minazi ile ilibaki ya Kavumbi. Kila alfajiri aliikwea na kotama yake, kisu cha kugemea, akateremsha vibuyu, akaonja tembo la kila mti kisha akatema.

“Mgema anayemeza,” aliniambia, “mnazi wa saba hushuka kwa kichwa.”

Mwaka wa 1956 msimamizi wa shamba alikuwa Mbelgiji aliyetokea Kongo. Tulimwita Bwana Pipa, kwa sababu ya pipa la mwaloni, mti wa kwao, alilokuja nalo. Ndani yake alitia pombe ya shayiri na zambarau, akaiacha miaka miwili. Mnazi unaogemwa hauzai nazi, naye alitaka nazi za kukausha mbata. Mara tatu alimtaka Kavumbi amwuzie miti yake, mara tatu Kavumbi akakataa. Basi akamkaribisha kunywa.

Mimi nilikuwa karani wake. Sikusoma shule, nilijifunza kusoma kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani, na nilikuwa na kiburi cha kalamu. Siku ile niliamriwa nikae barazani na karatasi na wino wa kidole gumba. Karatasi ilisema Kavumbi ameuza minazi yote. Niliagizwa nimngoje amalize vikombe viwili, kisha nimwambie ni ruhusa ya kugema. Nikaitikia, “Ndiyo, Bwana.” Neno hilo bado linanichoma.

Kavumbi alikuja baada ya kushuka minazini. Bwana Pipa akamimina kikombe kimoja cha pombe nyeusi, ikatoa povu la rangi ya udongo.

“Kunywa, Kavumbi.”

“Tangulia, Bwana.”

“Hii ni yako.”

“Ndiyo maana nataka utangulie.”

Nzai, mpishi, alikuwa amesimama mlangoni. “Kunywa tu, mzee Kavumbi. Mimi nimeilamba mara ngapi, sijafa.”

“Nzai,” Kavumbi akajibu, “mtu aliyezoea mapishi yako hawezi kufa kwa kitu kingine.”

Bwana Pipa akanywa nusu, akampa. Kavumbi akajaza kinywa, akafumba macho, akaisukuma pombe shavu hili hadi lile. Kisha akaenda ukingoni mwa baraza akatema yote kwenye maua.

Bwana Pipa akawa mwekundu. “Miaka miwili! Wewe unatema?”

“Naonja. Zambarau zako ziliokotwa chini, si za kuchuma mtini. Zilikwisha kuchacha kabla ya kuingia. Huu ukakasi wa kwenye fizi ni wa ubao, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Utamu umekaa mlangoni, nguvu imejificha nyuma ya mlango. Ni kinywaji kizuri, Bwana. Mtu akimeza vikombe viwili atakubali lolote.” Akanigeukia. “Mwero, mwanangu, hiyo karatasi yasemaje?”

“Ni ruhusa ya kugema, mzee.”

“Kugema minazi gani?”

“Yako.”

“Tangu lini naomba ruhusa kwenye minazi ya baba yangu? Soma.”

Bwana Pipa alinikazia macho. Kavumbi akakaa sakafuni, akakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Hakunywa, hakuondoka. Adhuhuri ikapita. Nzai alileta chakula, Kavumbi hakukigusa. Kila baada ya muda alisema lile lile, bila kupandisha sauti: “Soma, Mwero.”

Alasiri nikaisoma, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa. Kavumbi akasikiliza hadi mwisho, akainuka, akajikung’uta shuka.

“Ahsante kwa pombe, Bwana. Minazi siuzi.”

Jioni ile mimi sikuwa na kazi tena, nami nilistahili. Leo pale palipokuwa na minazi ya Kavumbi pana bwawa la kuogelea, na vijana wanaolisafisha hawajui kotama ni kitu gani. Ukiwaeleza wanacheka.

Mara ya mwisho nilipowaona wale wawili ilikuwa mwaka wa 1958. Nilikuwa na baiskeli, naenda Msambweni. Nzai alikuwa ameniambia kwamba Bwana Pipa hakuzungumza tena habari ya kununua, bali amekuwa akimwendea Kavumbi, maana katika nchi nzima hakuna mwingine aliyewahi kumwambia kweli kuhusu zambarau zake. Sikusadiki. Nilipofika nikasimamisha baiskeli. Kavumbi alikuwa juu ya mnazi wa baba yake, kotama mkononi. Bwana Pipa alikuwa amesimama chini juani, kofia kwapani, ameshika kikombe kitupu, akimngoja mwenye mti ashuke, atangulie kunywa.