Harusi ya Gendabi Iliyoformatiwa

Mectilda hupiga video za harusi pale Katesh, na kwake hakuna harusi mbaya. Bwana harusi akijikwaa, anakatwa. Katekista akisinzia katikati ya mahubiri, anakatwa naye. Watu wakijiona kwenye video zake wanaamini kweli siku ile walipendeza.

Mwaka jana kompyuta yake ya Mac, aliyoinunua ikiwa imeshachoka, ilianza kugoma. Akaamua kuifuta yote na kuweka mfumo upya. Kwanza alinakili kazi zake zote kwenye diski ya nje, ikiwemo harusi ya Evaline wa Gendabi, ambayo familia ilitaka kuiona Jumamosi. Kisha akaifuta Mac, akaiacha inajipakia mfumo, akaenda sokoni.

Mumewe Cyprian ni mwalimu wa jiografia aliyehamishiwa huku kutoka Songea, na anaamini kila kifaa kinataka kuamrishwa. Akitafuta pa kuweka mitihani yake, aliiona ile diski, akaichomeka kwenye laptop yake ya Windows. Sasa, Windows haisomi diski iliyoandaliwa na Mac. Lakini badala ya kukiri kwamba haielewi, iliuliza kama iiformati, yaani iifute na kuiandaa upya. Cyprian akakubali.

"Iliuliza kwa adabu," Cyprian alijitetea Mectilda aliporudi. "Nikajua inataka kuisafisha."

"Imeisafisha," Mectilda alisema, akakaa na fungu la vitunguu mapajani.

Mac tupu, diski tupu. Alimtuma Cyprian jikoni, mbali na kitu chochote chenye waya, akatoa laptop yake kuukuu yenye mfumo wa Linux. Alijua kwamba kuformati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu. Mafaili yenyewe hubaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Akawasha programu ya kuyafukua.

Yakaja. Yalikuja bila majina, yamechanganyika, na pamoja nayo vipande vyote alivyokuwa amevikata na kuviweka kando. Mectilda aliunga harusi upya kwa kubahatisha huku macho yakimwasha, na Jumamosi alifika Gendabi bila kuwa ameitazama yote.

Sebule ya mzee Basili, baba wa Evaline, ilijaa. Mbele kabisa alikaa mama Efrazia, mama mzazi wa bwana harusi, ambaye tangu siku ya sherehe alikuwa anawatangaza wapishi kwamba waliiba nyama.

Ibada ilipita vizuri. Keki ilipita vizuri. Kisha kwenye kioo cha televisheni akatokea mama Efrazia, akiangalia kushoto, akiangalia kulia, akishindilia mapande ya nyama ya mbuzi kwenye mkoba wake.

Mectilda alirukia rimoti.

"Shikamoo mama, samahani sana, kipande hiki..."

"Marahaba. Iache," alisema mama Efrazia bila kugeuka. "Rudisha nyuma kidogo. Sijaliona vizuri gauni langu."

Mzee Basili ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake hakubaki mtu.

Siku hizi Mectilda ana diski mbili, zilizoandaliwa kwa namna ambayo Mac na Windows zote zinasoma, na moja inakaa kwa mama yake kule Nangwa. Wateja nao wameanza kumwambia asikate kila kitu. Mama Efrazia aliondoka na nakala yake kwenye flashi jioni ileile. Wapishi hajawaomba radhi mpaka leo.