Msiba wa Mtu wa Kwenye Simu

Mama aliporudi kutoka Mwanza baada ya dripu ya pili ya hospitali alisema basi. Kama ni kufa, atafia hapa Nyakahura kwenye migomba yake, si kwenye kitanda cha watu. Siku ile nilimchukia, na sioni sababu ya kuficha.

Wageni ndio waliomharibu kabisa. Walikuja na ndizi na maziwa, wakakaa, wakasimulia habari za waliokufa. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Ulikuwa "ile shida", au "mambo ya kifuani", na kwa wenye midomo mirefu, mkono wa mtu. Hata mama mwenyewe hakuwahi kulitamka neno saratani.

Mimi nilikuwa nimejiunga na kundi la wagonjwa kwenye simu, zaidi kwa hasira kuliko kwa matumaini. Jioni nikawa namsomea mama yanayoandikwa humo, nikitafsiri kwa Kisubi kwa sababu Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Alisikiliza kwa adabu tu, mpaka tulipofika kwa mwanamke mmoja wa Tabora aliyeandika kwamba kucha zake zimekuwa nyeusi na kila chakula kina ladha ya chuma. Mama akanyoosha vidole vyake, akavitazama.

"Kumbe na yeye?"

Daktari alikuwa amemweleza hayo hayo, wala hakumsikia. Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijamaliza shikamoo, ananiuliza mwenzake wa Tabora ameamkaje. Mwenzake akitapika, mama anasikitika. Mwenzake akila ugali, na mama anadai ugali. Yule alipokwenda dripu ya tatu, mama naye akaenda yake.

Kisha binti wa yule mwanamke akaandika kwamba mama yake amefariki na wanazika mchana. Safari yetu ya Mwanza, ya dripu ya nne, ilikuwa Jumatatu. Niliona kila kitu kimeanguka. Nilimwambia mama hivyo hivyo bila kupamba, maana angeniuliza tu.

Mama akasema leo hakuna kwenda shamba. Kwetu penye msiba jembe halishikwi mpaka marehemu azikwe. Mvua ilikuwa imeshanyesha na mbegu za maharage ziko kwenye ndoo, kaka yangu akaja juu.

"Msiba wa nani? Wa mtu wa kwenye simu?"

"Wa jirani yangu. Weka jembe chini."

Akatandika mkeka nje, akakaa. Wanawake waliokuwa wakienda mashambani walimwona, nao wakaweka majembe yao, wakakaa. Walilia kidogo kabla hata ya kujua wanamlilia nani. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mwishowe mmoja akauliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

"Saratani ya titi," mama akasema, kwa sauti ya kuita kuku. "Kama hii yangu."

Walipoondoka, mmoja alibaki, mke wa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, mwanamke ninayemjua kwa kelele zake. Alilegeza kanga, akaushika mkono wa mama na kuuweka kwenye titi lake mwenyewe, upande wa kwapani. Niliuona uso wa mama ukibadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mahindi yaliyopita." Alishusha sauti. "Sijamwambia mtu."

Mama hakuuondoa mkono.

"Jumatatu tunaondoka alfajiri," akamwambia. "Utakaa dirishani. Ile njia inatapisha."