Mkalimani Aliyejaza Nusu ya Kioo

Juzi nilikuwa nasukwa saluni moja ya mtaa wa Kashai, televisheni ikionyesha uzinduzi wa chaneli mpya ya habari za vijana. Mkalimani wa lugha ya alama hakubanwa kwenye kiduara cha pembeni. Alisimama sawa na mtangazaji, akajaza nusu ya kioo cha televisheni. Msusi wangu, binti kiziwi, akasimamisha vidole kichwani kwangu, akatazama.

Zikafika habari za ziwa. Mteja mmoja, mama anayeuza dagaa wa visiwa vya Muleba, akainuka.

"Wanafungua uvuvi au bado?"

Papo hapo mvua ikapiga bati, tusisikie neno.

Binti akatabasamu, akamgeukia mwenye saluni, anayeijua lugha yake. Mikono yake ikafunguka, ikawa kama inarusha wavu.

"Wanafungua Jumatatu, waitu!" mwenye saluni akapaza sauti. "Ila boti zikaguliwe kwanza."

Mama akaketi, akashusha pumzi. Nami nikajiuliza: miaka yote tukimwona mkalimani kwenye kile kiduara chake, tulidhani anamsaidia nani?

Mvua ilipopungua, mwenye saluni akashika rimoti aongeze sauti. Mama akamzuia.

"Ngoja kwanza. Muulize binti, bei wamesemaje?"